Faida ikiisha, mionzi inabaki na nani?

Nianze na Brazili, maana kila nikisikia watu wanabishana kuhusu usalama wa nyuklia akili yangu inakimbilia mji mmoja unaitwa Goiânia, na pale wala hapakuwa na kinu cha umeme wala bomu wala kitu chochote cha kutisha. Palikuwa na kliniki tu.

Kliniki yenyewe ilikuwa ya binafsi, inatibu saratani kwa mionzi. Mwishoni mwa 1985 wakahama jengo, vifaa vingine wakaondoka navyo lakini mashine moja ya tiba ikabaki mle ndani, kukawa na mgogoro wa jengo, mambo yakafika mahakamani, huku jengo lenyewe limeshabomolewa nusu. Ndani ya kichwa cha ile mashine kulikuwa na unga wa seziamu 137, gramu 93 tu, umefungwa kwenye kapsuli ya chuma na kuzungushiwa kinga nzito. Tarehe 13 Septemba 1987 mlinzi hakuja kazini, jamaa wawili waokota vyuma chakavu wakaingia, wakang'oa kile kichwa cha mashine, wakakipakia kwenye toroli wakaondoka nacho. Kwao ilikuwa ni chuma kizuri, kizito, kinalipa.

Siku hiyohiyo wakaanza kutapika. Mmoja mkono ukavimba, akaenda kwa daktari akaambiwa labda chakula kimemkataa. Kazi ya kufungua ikaendelea, mpaka bisibisi ikatoboa kile kidirisha cha kapsuli, alafu mzigo ukauzwa kwa mwenye yadi ya skrepa. Usiku yule mwenye yadi akaona kitu kinatoa mwanga wa bluu. Akakiingiza nyumbani. Akawaita majirani na ndugu waje waone, akagawa vipunje kama vya mchele, watu wengine wakajipaka mwilini kama pambo, na ndugu yake mmoja akabeba kidogo akaenda nao kwake, ukamwagika sakafuni. Ana mtoto wa kike wa miaka 6. Yule mtoto alicheza na ule unga, akakaa hapohapo chini akala yai kwa mikono ileile.

Mtu aliyestuka mapema kuliko wataalamu wote ni mke wa mwenye yadi. Aliona watu wa nyumbani kwake wanaumwa mmoja baada ya mwingine, akaunganisha mwenyewe kichwani kwamba ni kile kitu. Tarehe 28 Septemba akachukua mabaki yake, yakatiwa kwenye mfuko, akapanda basi la abiria pamoja na kijana wa pale yadi aliyeubeba ule mfuko begani, wakaenda ofisi ya afya, wakauweka mezani kwa daktari na yule mama akasema hiki kinaua watu wangu. Kesho yake akaja mwanafizikia na kipimo cha kuazima, akiwa bado yuko mbali na lile jengo kipimo kikapanda mpaka mwisho, akaamini ni kibovu, akarudi kuchukua kingine, na chenyewe kikafanya vilevile. Alipofika akawakuta zimamoto wanapanga kwenda kuutupa ule mfuko mtoni. Akawazuia. Mimi nikifika hapo huwa nasimama kidogo, maana ilibaki hatua moja tu ule unga uingie kwenye maji, na seziamu ya aina ile inayeyuka kwenye maji kama chumvi.

Walifariki wanne, yule mama, yule mtoto, na vijana wawili waliofanya kazi pale yadi. Watu zaidi ya 112,000 walipimwa, wengi wao kwenye uwanja wa mpira, na 249 wakakutwa na uchafu wa mionzi. Mtoto alizikwa kwenye jeneza lenye bitana ya madini ya risasi, na siku ya mazishi watu wakajaa makaburini wakirusha mawe kwa sababu hawakutaka azikwe mji wao. Alikuwa na miaka 6.

Sasa sikiliza hesabu hii. Kutokana na gramu 93 zilizoachwa bila mwenyewe, Brazili ilizalisha taka za mionzi kama mita za ujazo 3,500, yaani udongo uliochimbwa, nyumba zilizobomolewa, miti, nguo, vitanda, madaftari, vyote vikajazwa kwenye mapipa na makontena na leo vimezikwa sehemu inaitwa Abadia de Goiás. Sehemu ile imepangwa ilindwe miaka 300 hivi. Kwa nini 300? Seziamu 137 inapungua nusu kila miaka 30, kwa hiyo ikipungua nusu mara kumi inabaki kama sehemu moja kati ya elfu ya ilivyokuwa. Serikali ya Brazili imejifunga kulinda kitu kwa karne tatu kwa sababu mlinzi mmoja hakuja kazini na watu wazima walikuwa wanagombania jengo.

Ndo maana nasema, mionzi yenyewe ina tabia zake na zinajulikana, unaweza kuzipigia hesabu. Kisichopigiwa hesabu ni nani anabaki na mzigo siku ambayo mzigo hauingizi tena hela.

Na msidhani ni Brazili peke yake. Mexico, mji wa Ciudad Juárez, mashine ya kobalti 60 iliyokuwa stoo kwa miaka ikauzwa skrepa 1983, vipunje vikamwagika, vingine vikaingia kwenye tanuri pamoja na chuma kingine na vikatoka nondo. Nondo kabisa, za kujengea. Ziligundulika Januari 1984 kwa bahati tu, lori lililobeba zile nondo lilipita karibu na maabara ya Los Alamos kule Marekani ambako kuna vipimo vya mionzi getini, vikalia. Ikabidi kuzifuata zilikokwenda, na nyumba za watu zikabomolewa. India nako, 2010, yadi ya Mayapuri pale Delhi, kifaa cha maabara ya chuo kikuu kiliuzwa kwenye mnada na kikakatwakatwa, mtu mmoja akafa.

Fikiria Dar sasa hivi. Fikiria mikokoteni ya vyuma chakavu inavyozunguka mitaani kuanzia asubuhi, vijana wananunua kwa kilo, hakuna anayeuliza hiki kimetoka wapi. Na vyanzo vya mionzi sio vya hospitali tu, viko viwandani kupima ujazo kwenye mapipa na chupa, viko kwa wakandarasi wa barabara kwenye kile kimashine cha kupimia ushindiliaji, viko kwa wanaopiga picha mabomba kuangalia kama welding imeshika. Kampuni inafilisika, vitu vinapigwa mnada, na kinachobaki ni kiboksi kizito chenye kibandiko kilichofutika. Ile alama ya mapanga matatu meusi kwenye njano watu wengi hawaijui, shirika la nishati ya atomiki la kimataifa lenyewe lilitangaza kwamba waliouliza watu India, Brazili na Kenya waliona asilimia 6 tu ndo walioitambua. Kwa hiyo 2007 wakatoa alama nyingine ya kuongezea, pembetatu nyekundu yenye mawimbi ya mionzi, fuvu la kichwa na mtu anayekimbia, inawekwa karibu kabisa na chanzo ili mtu anayefungua kifaa aione kabla hajafika mwisho. Mimi ningependa kila yadi ya skrepa nchi hii iwe na hiyo picha ukutani, kubwa, na chini yake iandikwe usiguse, usikate, sogea mbali, zuia watu, ita polisi na Tume ya Nguvu za Atomiki. Tume wana ofisi Arusha na wanayo sehemu ya kuhifadhi vyanzo vilivyomaliza kazi. Kinachotakiwa ni huyu kijana wa mkokoteni ajue kwamba wapo, na ajue kwamba akiripoti hatageuziwa kibao akawekwa ndani yeye kama mwizi. Hilo la pili ni muhimu kuliko bango lenyewe.

Lakini kuna upande wa pili ambao na wenyewe unaniuma, ni hofu inayowaangukia watu ambao hawana hatari yoyote.

Mama yangu mdogo aliugua saratani ya shingo ya kizazi na akachomwa mionzi kwa wiki kadhaa. Alikuwa anakwenda, analala chini ya mashine dakika chache, anarudi nyumbani kwa daladala. Kumbe nyumbani tayari kikombe chake kimeshatengwa. Kilikuwa cha plastiki, cha kijani, kimewekwa peke yake dirishani, na sahani yake pembeni, na shangazi mmoja akawa anawaambia watoto wasilale na bibi yao ana mionzi mwilini. Mama mdogo hakusema kitu, alikuwa anakinyanyua tu kile kikombe anakiosha mwenyewe anakirudisha dirishani. Ilibidi nikae na shangazi jioni nzima, kwa heshima zote maana ni mkubwa kwangu, nimwelezee kwamba mionzi ya ile mashine inapita kama mwanga wa tochi, ukizima tochi ukuta haubaki unawaka. Aliyemulikwa hana kitu cha kumwambukiza mtu. Wa Goiânia walikuwa hatari kwa sababu walikuwa wamebeba unga wenyewe kwenye ngozi, kwenye nguo, tumboni. Wapo wagonjwa wachache wanaopewa dawa yenye mionzi, kama iodini ya tezi ya shingo, au wanaowekewa chanzo ndani ya mwili kwa muda, hao wanaambiwa na daktari wakae mbali na watoto na wajawazito kwa kipindi fulani, na wanapewa maelekezo yao. Mama mdogo hakuwa hata mmoja wa hao.

Shangazi alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza, sasa mbona wale madaktari wenyewe wanakimbia nje mashine ikiwashwa? Swali zuri kuliko mengi niliyoyasikia kwa wasomi. Jibu ni kwamba mgonjwa anapigwa sehemu moja yenye ugonjwa na kwa siku zilizohesabiwa, daktari yeye yupo kila siku mwaka mzima, akisimama pale kila mara inajikusanya. Kinga ya mionzi ya nje ni muda mfupi, umbali mrefu, na kizuizi kizito katikati. Hata kule Goiânia, mwenye yadi anakadiriwa kupata dozi kubwa kuliko mke wake na akapona, sababu mojawapo yeye alikuwa anatoka kwenda kwenye shughuli zake na dozi yake ikagawanyika, mke alikuwa nyumbani nacho muda mwingi.

Tuweke na namba basi ili tusiongelee hewani. Binadamu wa kawaida duniani anapata wastani wa milisiverti (kipimo cha dozi ya mionzi mwilini) 2.4 kwa mwaka kutoka kwenye mawe, udongo, hewa, anga na chakula, na kuna sehemu inazidi sana kwa sababu ya mawe yake tu, mfano kilima cha Mrima kule Kwale, Kenya, chenye thoriamu. Picha moja ya eksirei ya kifua ni kama 0.1 au chini ya hapo. CT scan ya mwili inaweza kufika 10. Mfanyakazi wa mionzi kikomo chake ni wastani wa 20 kwa mwaka. Wale waliofariki Goiânia walipata kama 4,500 mpaka 6,000 kwa siku chache. Mtu akikwambia mionzi ni mionzi tu yote inaua, muulize kiasi gani, na kwa muda gani.

Haya, twende kwenye taka zenyewe kubwa, zile za vinu vya umeme, maana huko ndo watu wanaposema lazima zilindwe miaka laki moja na kila mtu anachoka.

Kinu kimoja cha megawati 1,000 kinatoa kama tani 25 mpaka 30 za mafuta yaliyotumika kwa mwaka. Sio nyingi kwa ujazo, lakini zikitoka kwenye kinu ni kali kiasi kwamba mtu akisimama karibu nazo bila kinga ni dakika tu ameshapata dozi ya kumuua, kwa hiyo zinawekwa kwenye bwawa la maji miaka kadhaa zipoe, alafu zinahamishiwa kwenye makasha mazito ya chuma na zege. Dunia nzima, tangu hii kazi ianze, zimetoka takriban tani 400,000. Na mpaka leo, zaidi ya miaka 60 baadaye, zile ambazo hazijachakatwa upya zimekaa hapohapo kwenye mabwawa na makasha zikisubiri mahali pa kudumu. Umeme wake umeshaliwa na bili zake zimeshalipwa na watu ambao wengine wameshakufa.

Nchi iliyokwenda mbali kuliko zote ni Finland. Kule kwenye kisiwa cha Olkiluoto, wilaya ya Eurajoki, wamechimba mahandaki yanaitwa Onkalo, walianza 2004, wameshuka zaidi ya mita 400 ndani ya mwamba wenye umri wa karibu miaka bilioni 1.9. Mafuta yaliyotumika yanaingia kwenye mtungi wa chuma cha kusubu, nje yake kuna ganda la shaba la sentimita 5, mtungi unashushwa kwenye shimo, unazungushiwa udongo wa bentonaiti ambao ukilowa unavimba na kubana maji yasitembee, alafu handaki linajazwa. Kilichonivutia sana mimi kuliko hata ile shaba ni mambo mawili. Kwanza halmashauri ya Eurajoki yenyewe ilipiga kura Januari 2000, wakakubali 20, wakakataa 7, na walikuwa na haki ya kisheria ya kusema hapana na mradi ukafa. Pili hela. Tangu 1988 kuna mfuko wa serikali ambao wenye vinu wanalazimika kuchangia umeme ukiwa bado unauzwa, ili siku kampuni ikiondoka pesa ya kuzika iwepo tayari. Na tangu 1994 sheria yao inasema taka za Finland zinazikwa Finland, hawaruhusiwi kuzipeleka kwa mtu.

Sio kwamba hakuna mabishano. Sweden, wanaotumia njia hiyohiyo pale Forsmark, wanasayansi walibishana miaka kuhusu shaba, kama kweli hailiki kwenye maji yasiyo na oksijeni, na 2018 mahakama ya mazingira ikaiambia serikali bado kuna maswali ya mtungi. Serikali ikaja kuruhusu 2022. Binafsi naona huo ubishani ni dalili nzuri, maana ni kabla ya kuzika, sio baada.

Ujerumani wao walifanya baada. Mgodi wa zamani wa chumvi wa Asse, kati ya 1967 na 1978 waliingiza mapipa kama 126,000 ya taka za mionzi ya chini na ya kati, mengine yakimwagwa tu na tingatinga kwenye mteremko mle ndani kama kokoto, na karatasi zikaandikwa ni utafiti. Leo maji yanaingia kila siku, mita za ujazo kama 12, mgodi unajiminya, na 2013 wakatunga sheria kwamba yale mapipa yatolewe yote. Kuyatoa ni kazi mara mia ya kuyaingiza.

Watu wanauliza, nani atajua baada ya miaka laki moja kwamba hapa chini kuna sumu? Swali la haki kabisa. Kilwa Kisiwani, Ibn Battuta alipita 1331 akakuta mji wa watu wenye dini na biashara yao. Husuni Kubwa pale juu ya mwamba, jumba lenye vyumba zaidi ya mia, leo wataalamu wanakadiria tu chumba gani kilikuwa cha nini. Hiyo ni miaka 700, kwa watu wa pwani hiihii na wajukuu zao bado wapo. Kwa hiyo mimi siamini mpango wowote unaotegemea watu kukumbuka kwa miaka laki moja, na naona Finland wako sahihi kuutegemeza usalama wao kwenye mwamba wenyewe, shimo ambalo hata likisahaulika liendelee kufanya kazi. Kusahau ni hatari kwa vitu vilivyo juu ya ardhi.

Na kwamba mwamba unaweza, tunao ushahidi, tena wa Afrika. 1972 Wafaransa walipokuwa wanapima urani iliyotoka Gabon, sehemu ya Oklo karibu na Mounana, wakakuta urani 235, ile aina ya urani inayowaka kwenye vinu, imepungua kidogo, badala ya asilimia 0.720 inasoma 0.717. Kidogo hivyo, lakini kwenye hiyo kazi kila gramu ya 235 ina maelezo, wakastuka kama mtu aliyekuta hela ya ofisi imepungua. Wakafuatilia wakagundua kwamba karibu miaka bilioni 2 iliyopita, wakati urani 235 ilikuwa bado nyingi zaidi ya asilimia 3, maji yaliingia kwenye yale mawe na yakawasha vinu vya nyuklia vya asili, zaidi ya kumi, vikawa vinawaka, maji yakichemka na kuisha vinazima, yakirudi vinawaka tena, kwa mamia ya maelfu ya miaka. Vikaacha taka zilezile zinazoachwa na vinu vya leo. Zile zinazotoroka kirahisi kama gesi na seziamu ziliondoka, lakini plutoniamu na nyingine nyingi zilikaa palepale mpaka zikamalizika zenyewe, bila shaba, bila zege, bila mlinzi.

Sasa hapohapo Mounana, ardhi ileile, kampuni ya madini ilichimba urani kuanzia 1961 mpaka 1999. Na kuanzia 1961 mpaka 1975 mabaki ya kusaga mawe, kama tani milioni 2, yalikuwa yanamwagwa kwenye kijito. Ardhi ilitunza miaka bilioni 2, watu miaka 14 tu wakajaza mto.

Nimeyataja hayo ya Gabon kwa sababu sisi tuna Namtumbo. Mradi wa urani wa Mto Mkuju, Ruvuma, eneo ambalo 2012 lilimegwa kutoka kwenye pori la Selous kwa idhini ya UNESCO, na Julai 2025 kiwanda cha majaribio cha kuchakata kimezinduliwa. Tukisikia nyuklia tunawaza kinu, ila taka za kwanza kabisa za nyuklia zitakazokuwa zetu ni hizi za mgodi. Mawe ya kule yana urani chini ya nusu kilo kwa tani, kwa hiyo kila tani unayosaga karibu yote inabaki kuwa tope. Na ukishatoa urani, kama asilimia 85 ya mionzi iliyokuwa kwenye jiwe inabaki kwenye lile tope, kwenye thoriamu 230 inayopungua nusu kwa miaka 75,000 na radiamu 226 kwa miaka 1,600, ambayo nayo inatoa gesi ya radoni. Sio kali kama ile ya Goiânia, hata kidogo, mtu hafi kwa kupita pembeni yake. Ubaya wake ni kwamba ni mamilioni ya tani, iko juu ya ardhi, na lililokuwa jiwe gumu sasa ni unga unaobebwa na upepo na maji. Mto Mkuju unaingia Luwegu, Luwegu ikikutana na Kilombero ndo Rufiji, na Rufiji sihitaji kueleza ina nini na inamlisha nani.

Julai 1979 huko Church Rock, New Mexico, bwawa la tope la urani lilipasuka asubuhi, zaidi ya tani 1,000 za tope na galoni milioni 94 za maji yenye asidi zikaingia mto Puerco ambao Wanavajo, wenyeji wa asili wa kule Marekani, walikuwa wananyweshea mifugo. Ujerumani, kusafisha migodi ya urani ya Wismut kumeshagharimu zaidi ya euro bilioni 6, zote za walipa kodi, kwa urani ambayo ilishaondoka zamani kwenda Urusi ya Kisovyeti.

Mimi sipingi mgodi, na umeme wa nyuklia siuogopi, nimeeleza hapo juu kwa nini. Sheria yetu ya madini inataka mwekezaji aweke dhamana ya kukarabati mazingira, jambo zuri. Ninachotaka ni ile karatasi ya dhamana ya Namtumbo isomwe kwenye mkutano wa kijiji Likuyuseka, kwa Kiswahili, kwa sauti: ni shilingi ngapi, ziko benki gani, zinatosha kufunika tope kwa udongo na mawe ya unene gani, bwawa limepigiwa hesabu ya mvua ya miaka mingapi, nani anapima maji ya visima kila mwezi na majibu yanabandikwa wapi, na huyo anayepima analipwa na nani mgodi ukishafungwa. Na ijibiwe kabla tani ya kwanza haijauzwa, kama Eurajoki walivyojibiwa kabla ya kunyoosha mikono, kwa sababu baada ya hapo mwanakijiji hana tena kitu mkononi cha kumfanya mtu amjibu.